Kwale Aliyelia Nyuma ya Philipo

Imetangazwa rasmi, kwa karatasi iliyogongwa mhuri mara mbili na kubandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, kwamba uwindaji wa kwale na kanga ni burudani. Kwamba burudani hiyo ni haki ya mwenye kibali na bunduki iliyosajiliwa. Na kwamba mtu mwingine yeyote atakayekuwepo porini pamoja naye atahesabika kuwa yupo kazini. Mhuri wa pili uligongwa kwa sababu wa kwanza ulitoka hafifu, na jambo zito kama hilo haliwezi kuachwa hafifu.

Philipo aliisoma karatasi hiyo mara mbili, akiwa amesimama. Si kwamba hapakuwa na benchi. Benchi lilikuwepo na lilikuwa tupu, ila Philipo na benchi hawakuwahi kuelewana.

Alizaliwa Kinampanda, kule Iramba, akaja Itigi akiwa na miaka ishirini na minne kujiunga na gangi ya reli. Kazi yake ilikuwa kutembea. Kila asubuhi alibeba nyundo ndefu, spana na bendera mbili, akafuata njia ya treni kilomita sita kwenda na sita kurudi, akigonga bolti na kusikiliza. Bolti iliyokaza hulia kama kengele ya kanisa. Iliyolegea hutoa sauti ya mtu aliyeshiba asiyetaka kusumbuliwa. Kwa miaka thelathini na moja aliishi kwa miguu na masikio. Alipostaafu wenzake walimchangia kiti kizuri cha plastiki chenye mikono na saa kubwa ya ukutani, zawadi zinazomfaa mtu atakayekaa na kutazama muda ukipita. Saa ilitundikwa. Kiti alikikalia mkewe, Dorkas.

Yeye aliendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri kama vile kuna treni inamsubiri. Alizunguka ua, akakagua banda la mbuzi, akakaza waya uliokuwa umekaza tangu jana. Dorkas alivumilia miezi minne.

"Baba Flora," alimwambia siku moja, "mbuzi wamekonda kwa kukaguliwa. Tafuta pa kwenda."

Akatafuta. Kusini mwa reli, mwendo wa saa moja kwa miguu, mashamba ya mtama na alizeti yanakutana na vichaka. Vichaka vya Itigi havipitiki: ni matawi juu ya matawi, miiba juu ya miiba, mbwa anaingia na kutoka akiwa na mawazo mapya juu ya maisha. Lakini pale pembeni, kwenye mabua yaliyobaki baada ya mavuno, ndipo kwale wanapookota punje, na alfajiri kila dume hupanda juu ya kisiki au kichuguu na kutangaza mipaka yake kwa sauti ya kukwaruza, kama mtu anayefungua mlango wenye kutu mara tano mfululizo. Philipo alisimama juu ya kichuguu kipana kama kitanda, akafumba macho, na kabla jua halijatoka alikuwa na ramani nzima kichwani. Wawili kwenye mabua ya mkulima Mughwai. Mmoja mzee, sauti imekatika, karibu na mkwaju. Watatu wanaogombana kando ya njia ya ng'ombe. Ilikuwa kazi ileile ya bolti, isipokuwa bolti hizi zilikuwa na mabawa.

Habari za mtu anayejua kila kwale alipo husafiri. Mwaka wa pili wa kustaafu kwake walikuja wenye vibali watatu, kila Jumamosi ya msimu, kwa gari moja. Philipo aliwapokea barabarani, akawapeleka moja kwa moja mpaka alipo ndege. Ujira wake ulikuwa kwale wawili na kuitwa "mzee" na watu wenye bunduki. Kwale alimpa Dorkas.

Sasa, watu hawa watatu walikuwa marafiki kwa namna ya watu wasiokubaliana juu ya jambo moja tu, na jambo lenyewe ndilo lililowaleta.

Derick, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi Manyoni, aliamini kwamba raha ya kuwinda ni kupata. Alipanga ndege wake juu ya boneti ya gari, vichwa upande mmoja, akawapiga picha na kuituma kabla damu haijakauka. Siku ya ndege tisa ilikuwa nzuri kuliko ya nane. Alikuwa na mbwa wa gharama aliyeitwa Kamanda, aliyeagizwa kutoka Arusha na kuogopa miiba, ambaye alikaa ndani ya gari na kuangalia nje kama mgeni rasmi.

Mwalimu Elisha, aliyefundisha hesabu miaka mingi na kustaafu bila kuacha kusahihisha, alisema raha ni kukosa. Hakupiga ndege aliyekaa wala anayekimbia, alisubiri aruke. "Ndege aliyekaa chini ni kuku," alisema, "na kuku wapo sokoni Itigi, hawahitaji kibali." Kati ya kwale kumi walioruka mbele yake alipata mmoja, akaeleza kwa kirefu wale tisa walivyomshinda, na uso wake uling'aa kwenye wale tisa.

Wa tatu alikuwa Emiliana, tabibu wa zahanati, ambaye bunduki aliirithi kwa baba yake pamoja na koti lenye mifuko mingi. Yeye hakusema lolote kuhusu raha kwa misimu miwili. Alipobanwa sana alijibu kwamba kule hakuna mtandao.

"Hiyo ndiyo sababu?" Derick aliuliza. Walikuwa wanakunywa chai ya chupa kando ya gari.

"Simu haiiti. Hakuna anayeniita daktari njoo. Wewe unaona hiyo ni sababu ndogo?"

"Lakini unapiga ndege vizuri kuliko sisi wote."

"Napiga ili msiniulize nimekuja kufanya nini."

Mwalimu akacheka mpaka akamwaga chai. Derick akamgeukia Philipo, aliyekuwa amesimama kando na kikombe chake, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

"Na wewe, mzee? Huku unafurahia nini?"

Philipo alifikiri kidogo. "Mimi nipo kazini," alisema.

Wote walilichukulia kuwa ni utani juu ya ile karatasi ya ofisini, wakacheka tena. Kwa kweli ilikuwa ni njia fupi ya kukwepa swali. Raha ya Philipo ilikwisha kabla wao hawajafika. Ilikuwa pale juu ya kichuguu, pale sauti zinapoanza moja moja na yeye anaziweka mahali pake. Milio ya bunduki iliyofuata aliichukulia kama watu wa siasa wanavyoshangilia daraja ambalo wengine wamelijenga.

Na raha hiyo ndiyo iliyokuwa ikimponyoka.

Hakujua ilianza lini. Kanga aliendelea kuwasikia, maana kanga wakianza kupiga kelele hata marehemu anageuka. Lakini kwale walipungua. Mwanzo alilaumu ukame, kisha mwewe, kisha wachoma mkaa. Labda ilikuwa ile nyundo, miaka thelathini na moja ya chuma juu ya chuma bila hata pamba masikioni. Labda ni umri tu. Hakuna aliyemuuliza na yeye hakujiuliza kwa sauti. Mwezi wa sita mwaka huu, Dorkas alipita chini ya kichuguu akiwa na mzigo wa kuni.

"Wangapi leo?" aliuliza.

"Wamenyamaza. Baridi."

Dorkas akasimama na kuni kichwani. Alikuwa amekulia Kinampanda kama mumewe, akiamia ndege kwenye shamba la mtama la baba yake tangu akiwa na miaka sita, juu ya ulingo, akiwa na kombeo na koo lake. Mtoto wa namna hiyo hujifunza kumtambua mwizi kabla hajatua. Alisikiliza kidogo, akaondoka. Nyumbani, baada ya kutua kuni, alisema kwa Kinyiramba, lugha waliyoitumia kwa mambo yasiyohitaji mashahidi:

"Baba Flora, kule wanalia watano."

Philipo alikwenda kukagua banda la mbuzi. Alikaa huko muda mrefu.

Mtu mwingine angewaambia wenye vibali. Philipo aliona mbele yake mwanamume mwenye kiti cha plastiki na saa ya ukutani, akakataa. Kwa hiyo ukawekwa utaratibu. Kila Ijumaa alfajiri Dorkas alikwenda kuokota kuni upande ule, akasikiliza, akarudi na taarifa: wawili kwa Mughwai, mmoja mkwajuni, na kadhalika. Dume la kwale halihami ovyo; likishika mahali leo, kesho utalikuta. Jumamosi Philipo alisimama juu ya kichuguu mbele ya wageni wake, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akafumba macho kwa muda wa heshima, kisha akanyoosha kidole kule alikoelekezwa jana.

Ilifanya kazi Jumamosi nne. Derick alisema mzee anazidi kuwa mkali. Dorkas alipoambiwa hivyo alisonya.

"Raha gani ya kumwendea ndege na gari na mbwa na chupa ya chai," alisema. "Sisi tulikuwa tunarusha jiwe. Kwale ni mwizi. Anafukua mbegu mstari mzima, anafuata nyayo zako wakati bado unapanda. Mwizi akipungua nafurahi. Basi."

"Basi tu?"

"Wewe ulitaka nini kingine?"

Hakujua. Lakini tangu utaratibu huo uanze alikuwa halali vizuri. Alijigeuza, akaamka, akavaa viatu, akavivua. Alikuwa na taarifa kamili za kwale wote na hakuwa na kwale hata mmoja.

Jumamosi ya tano ilikuwa katikati ya Julai, baridi yenye vumbi, upepo wa mashariki. Wageni walifika saa kumi na mbili kasoro. Kamanda alibaki kwenye gari. Philipo alipanda kichuguu, wao wakasimama chini yake na bunduki zimekunjwa mikononi, kama waumini wanaosubiri somo.

Alichokuwa hajui ni kwamba Ijumaa mchana, baada ya Dorkas kurudi, Mughwai alikuwa ameona mabua yake yamekauka vya kutosha na kuyafungulia ng'ombe. Ng'ombe thelathini na kitu walipita pale mpaka jioni. Hakuna kwale mwenye akili anayebaki chini ya kwato zaidi ya mia moja na ishirini. Wote walikuwa wamehamia upande wa pili wa njia, kwenye majani, nyuma kabisa ya kile kichuguu.

Philipo akafumba macho. Akaweka kiganja nyuma ya sikio. Akatulia.

Hatua sita nyuma yake, juu ya kisiki, dume la kwale lilijinyoosha na kulia.

Lililia mara tano, mlango wenye kutu, sauti ya kumwamsha mlinzi wa benki. Derick aligeuka. Mwalimu aligeuka. Emiliana hakugeuka; alikuwa anamtazama Philipo. Philipo alibaki kama alivyo, uso umeinuka, na baada ya muda wa heshima akanyoosha kidole mbele, kwenye mabua ya Mughwai yaliyojaa mavi ya ng'ombe, akasema kwa sauti ya chini ya mtu mwenye siri:

"Wawili. Pale."

Kwale alilia tena. Hakuna aliyepiga. Hata Derick, mwenye bunduki mkononi na ndege aliyekaa mbele yake bila wasiwasi, hakupiga, na tangu siku ile hakuwahi kueleza kwa nini. Philipo alifumbua macho, akawaona Derick na Mwalimu wanatazama nyuma yake, akageuka polepole. Yeye na kwale walitazamana. Kwale akashuka kisikini bila haraka, akaingia majanini.

Walirudi kwenye gari. Chai ilimiminwa kwa sababu lazima mikono ifanye kitu.

"Tangu lini, mzee?" Derick aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Tangu mwaka jana, mwezi wa tisa," alisema Emiliana. "Ukisimama kushoto kwake hajibu."

Mwalimu Elisha aliweka kikombe chini. "Ulijua? Ukanyamaza?"

"Mwalimu, nimeshakwambieni. Nikija huku sijaja kutibu mtu." Alimgeukia Philipo. "Nisamehe, baba. Ilikuwa ubinafsi."

"Hapana, daktari," alisema Philipo. "Ulinipa mwaka mzima."

"Basi nani alikuwa anatuonyesha ndege msimu huu?" Derick aliuliza, na swali lilikuwa la haki.

"Mama Flora."

"Mkeo?"

"Anasikiliza Ijumaa. Mimi nawaonyesha Jumamosi."

Derick alihesabu kwa vidole. "Kwa hiyo wale tisa wa juzi ni wa mama?"

"Wa mama. Ila ya miaka iliyopita ilikuwa ni mimi," Philipo alisema. Aliona sauti yake imepanda kuliko alivyokusudia. "Iandikwe hivyo. Ilikuwa ni mimi."

"Nani amekataa, bwana Philipo?" alisema Mwalimu.

Mambo yangeishia hapo kwa upole, lakini Derick alikuwa mtu wa kutatua. Alisema hakuna tatizo lisilo na dawa. Amemwona mtu Dodoma ana spika ndogo, unaificha kichakani, inatoa sauti ya jike, madume wanakuja wenyewe mpaka miguuni. Mzee atapumzika. Mama naye atapumzika.

"Na wewe utapumzika," alisema Mwalimu. "Bora uweke spika sebuleni kwako Manyoni, upige risasi dirishani."

"Mwalimu, lengo si ndege?"

"Lengo gani? Mimi darasani ningepiga kengele ya uji halafu nijisifu watoto wananipenda?"

"Wewe unapenda kukosa. Mtu anayependa kukosa hawezi kunishauri."

"Na wewe ukipata spika utakuwa hujapata kitu. Utakuwa umeletewa."

Walibishana mpaka jua likapanda na vivuli vikafupika. Mwalimu alitaja heshima, Derick alitaja mafuta ya gari. Emiliana aliegemea mlango akiwa amefumba macho, akifaidi ukosefu wa mtandao kadiri alivyoweza. Nyuma yao, upande wa majani, kwale walilia mmoja baada ya mwingine, na kati ya watu wanne waliokuwepo ni mmoja tu aliyekuwa akijitahidi kuwasikia. Hakuna risasi iliyopigwa siku hiyo. Kamanda alishuka, akanusa gurudumu, akarudi ndani.

Jumatatu Philipo alikwenda zahanati kwa sababu alimwahidi daktari walipoagana. Emiliana alimchungulia sikio moja, kisha la pili, kwa tochi ndogo.

"Nta nimeitoa," alisema. "Iliyobaki si nta."

"Itarudi?"

"Haitarudi, baba. Kuna vifaa vya kuvaa, nitakuandikia Dodoma. Kwa sauti za chini vitakusaidia. Zile nyembamba siwezi kukuahidi."

"Kwale ni nyembamba?"

"Kwale ni nyembamba."

Wiki hiyo hakuwa mtu wa kukaa naye. Alitembea mpaka stesheni, akatazama reli, akarudi. Alipanga kuni za Dorkas upya kwa urefu, kisha kwa unene. Ijumaa alfajiri Dorkas hakwenda porini na yeye hakumwuliza. Jioni zilikuja habari kwa simu, tatu, moja moja. Derick alikuwa safarini. Mwalimu Elisha alisema hatapanda gari moja na mtu wa spika mpaka mtu huyo atubu. Emiliana alikuwa zamu.

Jumamosi saa kumi na moja Philipo alikuwa uani, amevaa viatu, akitembea kati ya banda na jiko, jiko na banda. Baridi ilikuwa kali. Dorkas alifungua mlango, shuka mabegani.

"Hawaji."

"Najua."

"Sasa unakwenda wapi?"

"Sijui, Mama Flora. Miguu inakwenda."

Alimtazama akienda bandani na kurudi mara mbili zaidi. Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa sweta la Flora na makubazi, bila kamba ya kuni.

"Haya. Twende huko miguu inakokwenda."

Walifika kichuguuni anga ikiwa ya kijivu. Dorkas alipanda kwanza, akalalamikia magoti, akajitengenezea nafasi. Philipo alisimama kando yake. Ng'ombe wa Mughwai walikuwa wamehama. Mabua yalikuwa yamelala. Hakusikia chochote isipokuwa upepo, na hata huo alikuwa akiuhisi zaidi kuliko kuusikia.

Dorkas akamshika mkono, akaunyoosha kuelekea mkwajuni.

"Pale. Mzee. Amekohoa kwanza ndipo akalia."

"Sauti imekatika?"

"Imekatika. Kama ya mjomba wako." Akauhamisha mkono. "Pale wawili, wamerudi kwa Mughwai. Mmoja anaanza, mwingine anamkatiza hapohapo, hamwachi amalize."

"Walikuwa hivyo tangu juzi juzi."

"Hawa ni ndugu. Watu baki wangeheshimiana." Akageuza kichwa, kisha akacheka kidogo, jambo ambalo Philipo hakuwahi kumwona akilifanya kwa ajili ya mwizi. "Kuna mmoja hapo nyuma, mdogo. Hajui bado. Anaanza vizuri halafu anasahau."

"Anasahau wapi?"

"Kwenye mlio wa nne. Ngoja. Ngoja. Eh, amesahau tena."

Philipo alifumba macho. Aliweka wa mkwajuni mahali pake, wale ndugu mahali pao, na yule mdogo nyuma, kwenye mlio wa nne. Aliuliza kama yule anahema kabla ya kuanza upya. Dorkas akasema subiri, akasikiliza, akasema ndiyo.

Waliondoka pale saa mbili na nusu. Kwale wa mwisho alikuwa amenyamaza tangu saa moja.